Kila sababu ilikuwa mlango: kisa cha mdogo wangu na wakala wa bima

Mdogo wangu alinipigia simu usiku, watoto wakiwa wameshalala, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chombo cha kuazima. "Kaka," akasema, "nimesaini kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa bima ya maisha iliyochanganywa na akiba, mkataba wa miaka 15, pamoja na ruhusa ya benki kukata malipo kila mwezi. Hakuitaka. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameikataa kwa maneno ya kila aina, na kila alipokataa alijikuta amesogea hatua moja karibu na kalamu. Naye si mtu wa kuingizwa mjini hivi hivi. Kazi yake ni manunuzi: anashinda na wazabuni wanaomwambia bei haiwezi kushuka, na jioni bei inakuwa imeshuka. Mtu kama huyo akibanwa hadi akasaini, kusema tu kwamba wakala alikuwa king'ang'anizi hakutoshi. Kuna jinsi alivyobanwa, na ndiyo ninayotaka kuieleza. Kampuni siitaji, wala wakala.

Wakala alikuwa amesoma naye sekondari. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka mingi, hadi siku alipomwandikia kupitia kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Salamu, mama hajambo, watoto wangapi sasa. Siku mbili baadaye akapiga: ameanza kazi mpya, anaomba dakika kumi tu, na hata asiponunua atakuwa amemsaidia kufanya mazoezi ya kuongea na wateja.

Ombi hili halikumjia kwa bahati. Katika biashara hii, wakala mpya huambiwa aandike majina ya watu anaowafahamu, hata mia moja, aanze na hao: ndugu, majirani, waliosoma naye, waumini wenzake. Mtu usiyemjua ukimwambia hapana, umekataa bidhaa. Ukimwambia mtu aliyekaa dawati la nyuma yako miaka minne, inakuwa kama umemkataa yeye, na atakayeona haya ni wewe. Kampuni haikulipia urafiki ule hata senti, lakini ndio uliomfungulia wakala mlango.

Dakika kumi zikawa karibu saa nzima. Mdogo wangu anakumbuka kwamba bima yenyewe ilitajwa mwishoni tu. Kabla ya hapo yalikuwa maswali. Unakubali kwamba elimu ya watoto haisubiri? Unakubali kwamba hakuna aijuaye kesho? Ungependa wasihangaike ukiwa haupo? Mzazi gani atajibu hapana? Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa kweli.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha jaribio walilofanya huko California. Waliwaomba wenye nyumba wakubali bango kubwa, baya la kutazama, lisimikwe mbele ya nyumba zao kuwahimiza madereva waendeshe kwa uangalifu. Walioombwa moja kwa moja walikubali 17 hivi kati ya 100. Wengine walikuwa wametembelewa siku za nyuma na mtu mwingine, wakaombwa waweke kikaratasi kidogo tu chenye ujumbe wa usalama barabarani. Hao walipokuja kuombwa bango kubwa, walikubali 76 kati ya 100. Mtu akishajiona kuwa ni wa upande fulani, kukataa hatua inayofuata kunamgharimu. Zile ndiyo tatu za mdogo wangu zilikuwa vikaratasi dirishani.

Mwisho wa mazungumzo akaombwa majina ya watu watano ambao wangefaidika na maelezo kama hayo. Akatoa matatu ili amalize simu. La pili lilikuwa langu, na kesho yake asubuhi nilipigiwa. Mimi niliokolewa na mtandao mbovu, si na ujasiri wangu.

Sasa ndipo nilipoingia mimi, na niliingia vibaya. Mdogo wangu aliniuliza amjibu nini. Nikamwambia, kama ambavyo watu wengi wangemwambia, "Sema huna hela kwa sasa." Akasema. Wakala akajibu kwa upole kwamba ndiyo maana kuna mpango wa malipo madogo, na akataja kiasi ambacho mtu mwenye mshahara hawezi kudai hana. Kwa hiyo uongo wetu mdogo ukamweka mdogo wangu mahali pabaya: aidha akubali, aidha aonekane mwongo.

Akajaribu sababu ya kweli. "Kazini tuna bima ya maisha ya kikundi." Wakala: "Na ukiacha kazi je?" Hapo lazima niwe mkweli, swali lilikuwa zuri. Bima ya mwajiri kwa kawaida hukoma ajira inapokoma, na mtu akiwa na miaka 50 na maradhi mawili haipati nyingine kwa bei ile ile. Wakala alikuwa sahihi kuhusu tatizo. Kwamba mkataba wa akiba wa miaka 15 ndio dawa yake ni jambo jingine kabisa, lakini hilo halikujadiliwa, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshaishiwa na sababu yake bora.

"Ngoja nizungumze na mume wangu." Nitakuja jioni mkiwa wote wawili, shemeji naye asikie. "Wiki hii nina kazi nyingi." Basi nitapita Jumamosi. "Acha nifikirie kwanza." Nini hasa cha kufikiria, dada? Nikueleze hapo hapo ili usihangaike.

Nilipomwomba anirudie mazungumzo yale neno kwa neno, ndipo nilipoona kosa letu. Sisi tulidhani tunakataa. Wakala alikuwa anasikia masharti. "Sina hela" maana yake: ningenunua kama ingekuwa rahisi. "Nimuulize mume wangu" maana yake: mimi nimekubali, bado yeye. Mawakala hufundishwa jibu la kila pingamizi, hata majina ya mapingamizi wanayo, na wanayarudia mazoezini hadi yanatoka bila kufikiri. Mteja anakutana na hoja hiyo kwa mara ya kwanza maishani. Wakala ameshakutana nayo mara 40 wiki hiyo. Kubishana naye ni kucheza bao kwenye kibaraza chake, kete zake, na hesabu anahesabu yeye.

Kabla sijafika siku ya kusaini, niseme kidogo kuhusu upande wake, maana hasira peke yake haielezi kisa hiki. Wakala wa bima ya maisha mara nyingi hana mshahara wa maana. Anaishi kwa kamisheni, na kamisheni ya mwaka wa kwanza wa mkataba huwa kubwa kuliko ya miaka inayofuata kwa mbali sana. Ana lengo la mwezi, na juu yake kuna kiongozi wa timu ambaye naye analipwa kutokana na mauzo ya walio chini yake. Mteja akiacha kulipa mapema, kampuni nyingi humdai wakala arudishe kamisheni aliyokwisha kula, na huenda alishalipia kodi ya nyumba. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini simu huongezeka mwishoni mwa mwezi, na kwa nini wakala yule yule aliyekubembeleza ununue anakuwa mkali ukitaka kutoka.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1905 bunge la jimbo la New York liliunda kamati ya kuchunguza kampuni za bima ya maisha, maswali yakiongozwa na mwanasheria Charles Evans Hughes, na moja ya mambo yaliyoanikwa ni fedha zilizokuwa zikimwagwa kuwania wateja wapya. Sheria za mwaka uliofuata ziliweka kikomo kwenye gharama hizo. Miaka zaidi ya 100 baadaye, Australia iliona kikomo hakitoshi: tangu Oktoba 2021 ni marufuku huko kumpigia mtu simu au kumgongea mlango bila yeye kuomba na kumuuzia bima. Watunga sheria hao hawakusubiri mawakala wawe na tabia njema. Walikwenda kwenye kile kinachomlipa mtu kwa kung'ang'ania.

Kuna msemo wa zamani katika biashara hiyo: bima ya maisha hainunuliwi, huuzwa. Una ukweli ndani yake. Nani anaamka asubuhi na hamu ya kujadili kifo chake? Bila wa kusukuma, familia nyingi zingebaki bila kinga yoyote. Mimi sina ugomvi na kusukumwa mara moja.

Jumamosi wakala alikuja, na hakuja peke yake. Alikuwa na kiongozi wake wa timu, mwanamume mtaratibu aliyesifu nyumba na kuwasalimu watoto kwa majina. Shemeji alikaa nusu saa, akapata simu ya kazi, akatoka nje. Wakala akatoa fomu ya maombi kwenye mkoba na kuanza kuijaza mwenyewe "ili nikurahisishie, dada". Mdogo wangu hakuwa amesema ndiyo. Aliulizwa tu jina lake la kati linaandikwaje, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha nani awe mnufaika. Unajibu jina lako. Huoni kama umeamua kitu. Bei ya mwezi huu, akaambiwa, inabadilika ukitimiza umri mwingine, na siku yako ya kuzaliwa iko karibu. (Hilo nalo lina msingi. Bei ya bima ya maisha hupanda na umri. Lakini tofauti ya mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 36 ni ndogo, na hakuonyeshwa tofauti hiyo kwa tarakimu.)

Kisha likaja swali la afya, na hapa ndipo kisa kilipoacha kuwa cha usumbufu kikawa cha hatari. Fomu iliuliza kama mwombaji amewahi kutibiwa shinikizo la damu. Mdogo wangu ana presha iliyoanza kwenye ujauzito wa pili na haikuondoka. Anameza kidonge kila siku. Akasema hivyo. Wakala akasema, "Ah, hiyo ndogo, iko chini ya udhibiti, hatuhitaji kuwachosha," akaweka alama kwenye kisanduku cha hapana. Fomu ikageuzwa, kalamu ikawekwa mkononi mwake.

Nilipoliona kwenye nakala, nilinyamaza muda. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa mwombaji. Kanuni hiyo ilielezwa na jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, mwaka 1766: mambo ya kupimia hatari anayajua mwombaji, na mwenye kubeba hatari hana budi kumwamini. Nchi nyingi zimeilegeza tangu wakati huo. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya 2012, sasa inamtaka mlaji achukue uangalifu wa kawaida asitoe maelezo ya uongo, na kampuni ndiyo iulize inachotaka kujua. Lakini hapa kampuni iliuliza, waziwazi, na jibu lililokuwa juu ya saini yake lilikuwa la uongo. Angefariki kwa kiharusi mwaka wa nne, mpelelezi wa madai angeomba faili la hospitali, na angelipata. Shemeji angesema ni wakala aliyejaza. Wakala angesema anaandika anachoambiwa. Katika ugomvi huo saini ndiyo inayoonekana.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa analipia kitu ambacho huenda kingekataa kulipa siku kinapohitajika. Mimi naliona hilo ndilo kosa kubwa kuliko simu zote zile. Ung'ang'anizi unachosha, lakini haraka inayozaliwa nao ndiyo inayoweka alama kwenye kisanduku kisicho chake.

Usiku ule ule nilimwambia afungue hati iliyotumwa kwa barua pepe, tuisome wote, kila mtu na yake, simu sikioni. Karatasi ya mbele ilikuwa na picha ya familia inacheka. Tuliiruka. Tulitafuta vitu vitatu. Cha kwanza, jedwali la anachorudishiwa mtu akivunja mkataba: miaka miwili ya mwanzo palikuwa na sifuri, na mwaka wa tano alikuwa bado anarudishiwa pungufu ya alizolipa. Hivyo ndivyo mikataba mingi ya aina hii ilivyo, kwa sababu gharama za kuanzisha, kamisheni ikiwemo, huchotwa kwanza. Cha pili, maneno mawili yaliyokaa jirani kana kwamba ni ndugu: kiasi "kilichohakikishwa" na kiasi "kinachokadiriwa". Wakala alikuwa ametaja cha pili tu. Cha tatu ndicho kilichotutoa: kipindi cha kughairi.

Katika nchi nyingi, anayenunua bima ya maisha ana siku kadhaa za kubadili nia bila kutoa sababu na kurudishiwa fedha zake. Sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inaziachia nchi zichague kati ya siku 14 na 30. Hati ya mdogo wangu ilimpa 14, zikihesabiwa tangu alipoipokea. Hilo la tangu lini ni muhimu kuliko idadi. Yeye alikuwa anahesabu tangu Jumamosi ya kusaini na kudhani muda umekwisha. Hati ilimfikia siku kumi baadaye. Alikuwa na siku nane.

Cha kwanza alichotaka kufanya ni kwenda benki kuzuia makato. Nilimzuia. Ukizuia makato bila kughairi mkataba, kwenye vitabu vya kampuni wewe ni mteja asiyelipa: mkataba unalala, ulichokwisha lipa kinabaki kwao, na siku zako nane zinapita bure. Tukaanza na barua. Mistari minne: namba ya mkataba, tarehe aliyopokea hati, kwamba anatumia haki yake ya kughairi, kwamba anadai malipo ya kwanza yarudishwe kwenye akaunti yake. Hatukuweka sababu hata moja. Nilitamani sana kuandika kuhusu kile kisanduku, na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe, akasema, "Kaka, tukiandika sababu watatujibu." Ikatumwa kwa anwani ya kampuni iliyo ndani ya hati, si kwa wakala, kisha nakala ikapelekwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Benki tulikwenda baada ya hapo.

Wakala alipiga kesho yake kabla ya saa tatu. Mdogo wangu alikuwa ameandika sentensi moja nyuma ya bahasha na kuiweka mbele yake: "Nimeamua kughairi, na mengine yote naomba yaje kwa maandishi kutoka kampuni." Akaisoma. Akaulizwa kwa nini. Akaisoma tena. Akaambiwa anawanyima watoto wake. Akaniambia baadaye kwamba hapo moyo ulimpiga, akaisoma tena, safari hii sauti ikitetemeka. Kiongozi wa timu akapiga mchana, mtaratibu kama kawaida: kwamba kijana huyu atakatwa kamisheni, ana familia, wamalizane kirafiki. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu aliyesoma naye angekatwa. Lakini fedha ile wakala alilipwa na kampuni kwa fomu aliyoijaza yeye, kwa kisanduku alichokitia alama yeye, na sioni ni kwa hesabu gani deni hilo lingehamia kwa mwenye presha.

Wakala alipopiga mara ya nne, mdogo wangu hakupokea. Kampuni ilijibu siku ya sita, kwa barua fupi yenye adabu, na fedha zikarudi wiki tatu baadaye zikiwa zimepunguzwa kidogo kwa siku alizokuwa amekingwa. Makato hayo yameandikwa kwenye hati, kwa hiyo hatukugombana.

Aliniuliza kama amripoti kwa mamlaka inayosimamia bima kuhusu lile jibu la afya. Mimi nilisema ndiyo. Yeye alikaa nalo siku mbili, akaandika malalamiko kwa kampuni badala ya mamlaka, akieleza kisanduku tu bila kutaja simu wala urafiki. Nilidhani amelegea. Sasa sina hakika. Simu za kukera kila mtu angezitetea kuwa ni bidii. Jibu la uongo kwenye fomu halina jina jingine, na kwa kulitenga peke yake aliwanyima nafasi ya kuzungumzia mengine.

Lile swali la wakala kuhusu kuacha kazi halikumtoka kichwani. Miezi minne baadaye alitafuta mwenyewe bima ya maisha ya muda, isiyo na akiba ndani yake, akaomba bei kwa kampuni tatu kwa maandishi. Kwenye swali la shinikizo la damu aliweka alama ya ndiyo. Wakaomba taarifa za kliniki, wakampima, wakampandishia bei. Alilalamika kwangu kuhusu nyongeza hiyo kwa nusu saa nzima, na akailipa.

Wakala bado yumo kwenye kundi la waliosoma pamoja. Siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu alimtumia maua ya kwenye simu. Naye akamjibu asante.